Mtu wa Wasiwasi na Dawa Yake

  

Enyi ndugu zetu Waislamu wa Kombani, na Ng'ombeni, na Waa, na Tiwi, na kila mahali kitakapofika kijikaratasi hiki: twataka leo kusema juu ya maradhi ambayo kila msikiti una mtu wake aliyeshikwa nayo, na watu wa nyumbani kwake wayajua, wala hapana ayasemaye. Ni maradhi ya wasiwasi katika tohara na sala.

Mtu mwenyewe mwamjua. Adhana ya alasiri ikisha kuadhiniwa, yeye huwa wa kwanza kufika birikani na wa mwisho kuondoka. Huosha mkono mara tatu kama ilivyo sunna, kisha moyo ukamwambia kwamba kiwiko hakikupata maji. Akaosha ya nne, na ya saba, na ya kumi. Akifika miguuni hukumbuka kwamba huenda hakutia nia alipoanza uso, akarejea mwanzo. Wenziwe wakisha rakaa mbili ndipo yeye aingiapo safuni, na huko nako ana kazi nyingine: hutamka nusu ya takbira akasita, akaanza tena, akasita, mpaka imamu akarukuu naye bado hajahirimia. Akitoka msikitini hana faraja ya sala yake, bali huhesabu ni ngapi atakazozirejea usiku.

Huyu ni yule aonekanaye. Wako na wasioonekana, hasa wanawake majumbani mwao. Tone la mkojo wa mtoto limeanguka mkekani. Mama aufua mkeka, kisha aifua nguo iliyogusa mkeka, kisha aiosha kamba iliyoanikiwa nguo, kisha mikono iliyoshika kamba, na mlango ulioshikwa na mikono. Mtungi wa lita 20 ulionunuliwa uwe wa siku nzima umekwisha kabla ya adhuhuri, na watoto hawajapikiwa. Na wako wengine ambao hawaoshi kitu wala hawarejei sala, lakini huingiwa na fikra mbaya wasiyoitaka, ya kumtukana Mola wao au ya kumdhuru mtoto wao wampendaye. Nao huificha kwa miaka, kila mmoja akidhani kwamba yeye peke yake ndiye aliyelaaniwa duniani.

Neno hili wasiwasi siku hizi watu hulitumia kwa kila hofu ndogo. Mtu husema ana wasiwasi wa mvua au wa bei ya unga. Sisi twalitaka kwa maana yake ya asili, iliyomo katika sura ya mwisho ya Qur'ani: mnong'ono uingiao vifuani mwa watu, ukajificha, kisha ukarudi. Na matabibu wa maradhi ya akili nao wayajua vyema maradhi haya, ijapokuwa wayaita kwa jina jingine. Hesabu zao katika nchi nyingi huonyesha kwamba katika kila watu mia, mmoja mpaka watatu hupatwa nayo katika umri wao. Si ya Waislamu tu. Mkristo humjia katika maungamo yake, Myahudi katika vyombo vyake vya chakula, na asiye na dini humjia katika kufuli la mlango na moto wa jikoni. Maradhi ni yale yale. Huvaa nguo za kitu ambacho mtu akithamini zaidi.

Basi sisi twamfanyia nini ndugu yetu huyu? Wajinga humcheka. Wengine, na hawa ni wabaya zaidi kwake, humsifu. Husema, huyu ni mcha Mungu, hana mchezo na tohara. Naye akisikia hivyo huzidi. Kisha mambo yakiharibika, jamaa hukusanyika wakasema ana pepo, na hapo ndipo mganga aingiapo na mbuzi wake, na ubani wake, na vitambaa vyake vya rangi, na ngoma ya usiku kucha. Juu ya pungwa na mahirizi tumekwisha sema mara nyingi, wala hatutarefusha leo. Lakini tutazameni jambo moja ambalo hata asiyejali dini aweza kuliona: mtu aliyekuwa akiogopa najisi, ukamwambia kwamba ndani ya mwili wake mna pepo, umemwondolea hofu au umemwongezea? Umemkuta na adui mmoja ukamwachia wawili, na jamaa zake wameuza mbuzi.

Na mwisho wa njia hii umeonekana. Mtu huchoka. Sala iliyokuwa pumziko humgeukia mateso mara tano kila siku, akaiacha. Haiachi kwa kuipuuza, bali huiacha kwa kuiogopa, kama mtu aliyeungua aukimbiavyo moto. Kisha twasema, fulani ameasi.

Sasa tutazame Mtume wetu (s.a.w.) alivyowatendea watu wa namna hii, kwani walikuwako zamani zake. Imepokewa na Muslim kwamba baadhi ya masahaba walimwendea wakamshitakia kwamba hupata nyoyoni mwao mambo ambayo kila mmoja aona ni makubwa mno kuyatamka. Hakuwakemea, wala hakuwauliza ni mambo gani, wala hakuwaamrisha kuzirejea shahada zao. Aliwauliza ikiwa wameyapata kweli, na waliposema ndiyo aliwajulisha kwamba hiyo ndiyo imani iliyo wazi. Maana ule uchungu wao wa kuyachukia ndio dalili ya imani. Na katika Bukhari na Muslim, mtu alishitaki kwamba hudhani udhu wake umetenguka ndani ya sala. Akaambiwa asiondoke mpaka asikie sauti au apate harufu. Na akaeleza (s.a.w.) kwamba Mwenyezi Mungu ameusamehe umma wake yale nafsi zao zinazowanong'oneza, maadamu hawajayatenda wala kuyasema.

Tafadhali ndugu msomaji, yatie mambo haya matatu pamoja uyafikiri. La kwanza lamfundisha mgonjwa kuiona fikra yake kwa jicho jingine. La pili lamkataza kuifuata shaka kwa kitendo. La tatu lamwambia kwamba fikra si kitendo. Hii ndiyo tiba yote, na tutaona hivi karibuni kwamba matabibu wa zama hizi wameifikia kwa njia yao.

Maulamaa wa madhehebu yetu ya Shafi hawakuliacha jambo hili. Sheikh Abu Muhammad al-Juwayni, baba wa Imamul-Haramayn, aliyefariki mwaka 438 Hijria, alitunga kitabu kizima juu ya wasiwasi. Na mas-ala ya nia katika takbira, ambayo ndiyo msiba wa watu wengi wa pwani, Imam Nawawi aliyarahisisha: aliuchagua mwendo wa Imamul-Haramayn na Ghazali, kwamba yatosha mtu kuwa ajua katika moyo wake kwa desturi ya kawaida kwamba anasali, wala halazimiki kuipanga nia neno kwa neno sambamba na kila herufi ya takbira. Walakini wako baadhi ya walimu wawafundishao watoto ule mwendo mgumu, wakautia na vitisho vya moto juu yake, kisha mtoto akikua hawezi kuhirimia, wakashangaa maradhi yametoka wapi.

Na aliyesema maneno yenye kukata katika jambo hili ni Ibn Hajar al-Haytami wa Makka, wa karne ya 10 ya Hijria, ambaye Tuhfa yake husomwa na wanavyuoni wetu mpaka leo. Aliulizwa: je, wasiwasi una dawa? Akajibu kwamba una dawa yenye kufaa, nayo ni kuupuuza moja kwa moja, hata kama nafsini mwa mtu imebaki taraddudi. Asiyeugeukia, haukai kwake, huondoka baada ya muda mchache, na jambo hili limejaribiwa likaonekana. Na aufuataye, humzidi mpaka ukamfikisha katika hali ya wendawazimu au mbaya kuliko hiyo. Angalieni yale maneno ya kwamba taraddudi imebaki. Hakusema, ngoja utulie kisha uondoke birikani. Alisema, ondoka nawe hujatulia.

Hapa ndipo penye siri yote, nasi twataka kuieleza polepole, kwani mtu akishaielewa husahihika nusu ya njia.

Mwenye wasiwasi adhani kwamba aosha ili apate yakini. Haipati. Anachopata ni nafuu ya kitambo; akisha kuosha mara ya kumi ile hofu yapungua, naye moyo wake wajifunza kwamba kilichomwokoa ni yale maji. Basi siku ya pili hofu yaja mapema zaidi, na yataka maji mengi zaidi. Ni kama paka aliyetupiwa kichwa cha samaki mlangoni ili anyamaze. Kweli amenyamaza. Lakini kesho atalia tena, naye amekuja na wenziwe. Hapana anayemlisha paka huyo ila sisi wenyewe, na kila tumlishapo twasema, ni mara hii ya mwisho.

Na tiba ni kumwacha alie. Mtu huogopa kwamba asipoosha, hofu itapanda wala haitakoma mpaka impasue kifua. Sivyo. Hofu ina kujaa na kupwa kama bahari. Ikiachwa bila kulishwa, hufika kikomo chake kisha ikashuka yenyewe. Mara ya kwanza itachukua muda mrefu, pengine saa nzima au zaidi. Mara ya pili pungufu. Na baada ya majuma kadhaa ya kushika mwendo huo kila siku, moyo wajifunza somo jipya.

Mwaka 1966 tabibu wa nafsi mmoja mjini London, jina lake Victor Meyer, aliandika juu ya wagonjwa wawili ambao dawa nyingine hazikuwafaa. Mmoja wao alikuwa mtu wa kuosha na kusafisha siku kutwa. Meyer aliagiza mgonjwa akutanishwe na vitu alivyoviogopa, wauguzi wakae naye wamzuie asioshe, na maji ya chumbani mwake yafungwe. Wagonjwa wale wakapata nafuu kubwa. Tangu hapo njia hii imejaribiwa kwa wagonjwa wengi katika nchi nyingi, ikalainishwa, kwani siku hizi mgonjwa hafungiwi maji kwa nguvu bali hukubaliana na tabibu wake, wakaziandika hofu zake kuanzia ndogo mpaka kubwa, wakapanda nazo kama ngazi. Na mpaka leo ndiyo tiba itegemewayo zaidi kwa maradhi haya, peke yake au pamoja na vidonge kwa aliyezidiwa. Zama hizo hizo, Aaron Beck wa Marekani, aliyezaliwa mwaka 1921 akafa mwaka 2021, aliishughulikia upande wa fikra: kwamba aliye katika huzuni huyaamini mawazo yake kana kwamba ni habari za kweli, na yafaa afundishwe kuyahoji kama kadhi amhojivyo shahidi. Pande hizi mbili, ya fikra na ya vitendo, zikaungana zikawa tiba moja.

Huenda mtu akasema: je, hivi si kuwafuata wasio Waislamu katika mambo ya moyo? Twamjibu kwamba kabla ya London na Marekani, alikuwako Abu Zayd al-Balkhi, Mwislamu wa Khurasan aliyefariki mwaka 322 Hijria, yaani 934, aliyetunga kitabu juu ya maslaha ya miili na ya nafsi. Ndani yake aligawa maradhi ya nafsi sehemu nne: ghadhabu, hofu, huzuni, na wasiwasi wa kifuani. Na alishauri kwamba mtu, akiwa mzima na mtulivu, ajiwekee fikra njema akibani za kumfaa siku ya dhiki, kama vile mtu aliye na busara awekavyo dawa nyumbani kabla ya kuugua. Na kwa mwenye wasiwasi alimkataza upweke na kukaa bure. Kitabu hicho kilikaa katika maktaba za Istanbul karne nyingi, na mwaka 2013 Profesa Malik Badri wa Sudan aliieneza tafsiri ya Kiingereza ya sehemu yake ya nafsi.

Walakini hatupendi mwendo wa wale ambao kila jambo jema litokalo Ulaya husema liliibiwa kwetu. Meyer hakulipata jambo hili kwa al-Balkhi. Alilipata kwa kukaa na wagonjwa na kujaribu. Kama sisi tulikuwa nalo tukaliacha rafuni, lawama si yake. Hekima hushikwa ilipo.

Kuna mpaka mmoja wa kuangaliwa. Tabibu asiyeijua sheria aweza kumwagiza mgonjwa kitu kisichofaa, kama kusali na najisi iliyo yakini, na mgonjwa naye aweza kukataa dawa yote kwa ajili ya hilo moja. Hili lataka tabibu na mwanachuoni washirikiane, na lawezekana, kwani sheria ni pana kuliko anavyodhani mgonjwa. Mtume (s.a.w.) alitawadha kwa kuosha mara moja moja, na mbili mbili, na tatu tatu; na udhu wake ulikuwa kwa kibaba kimoja cha maji kile cha mudi, ambacho ni ujazo wa viganja viwili vya mtu wa kiasi vikiunganishwa, na kukoga kwake kulikuwa kwa mudi nne mpaka tano. Basi mwenye wasiwasi akiagizwa atawadhe kwa chupa ndogo ya nusu lita, kila kiungo mara moja, na ikisha imekwisha, hakuvunjiwa dini yake. Amerudishwa katika kiasi cha Mtume wake. Na shaka impatayo mtu baada ya kumaliza udhu haitengui kitu, kwani yakini haiondolewi na shaka.

Tena twataka ieleweke kwamba hatusemi maradhi yote ya akili ni wasiwasi, wala kwamba yote hutibiwa kwa maneno. Asikiaye sauti ambazo hapana mwingine azisikiaye, au asiyelala siku kadhaa akasema mambo yasiyo na mwanzo wala mwisho, au atakaye kujiua, huyo apelekwe hospitali siku ile ile, Kwale au Msambweni, au apelekwe Mombasa kwenye wodi ya maradhi ya akili iliyoko Port Reitz. Kumfunga mnyororo nyuma ya nyumba huku mtu akimsomea na kumpiga ni dhuluma, hata kama kinachosomwa ni Qur'ani.

Na mtu wa wasiwasi naye, akiweza kumpata tabibu, na aende. Twajua kwamba matabibu hao ni wachache na wengi wao wako Nairobi. Lakini imedhihirika kwamba baadhi ya tiba hizi za fikra na vitendo hazingoji tabibu. Huko Zimbabwe, tangu mwaka 2006, kina nyanya waliofunzwa hukaa juu ya mabenchi nje ya zahanati za Harare wakawasaidia watu walioelemewa na mawazo, na uchunguzi uliotolewa mwaka 2016 ulionyesha kwamba waliosaidiwa hivyo walipata nafuu zaidi ya wenzao. Na hapa Kenya, katika vitongoji vya Nairobi, wanawake 421 waliokuwa wamedhulumiwa waliingizwa katika uchunguzi uliotolewa mwaka 2017; nusu yao walikaa na wahudumu wa afya wa mtaani, si madaktari, katika vikao vitano vya kufundishwa kutuliza pumzi, kutatua tatizo moja moja, na kurejea kazi walizoziacha, nao dhiki yao ikapungua kuliko ya wengine. Hizo zilikuwa tiba za huzuni na hofu, si za wasiwasi wa udhu. Lakini zatosha kutuonyesha kwamba mtu wa kawaida aliyefunzwa vyema aweza kumsaidia nduguye.

Basi yapo yatupasayo sisi tusio wagonjwa. Mke ambaye mumewe humwuliza kila alfajiri, je, umeniona nikitawadha, amjibu mara moja tu kwa upole. Akiulizwa tena, amwambie, bwana, nimekwisha kukujibu, twende. Kila jibu la pili ni kichwa kingine cha samaki. Vivyo hivyo sheikh apigiwaye simu mara sita kwa mas-ala moja: atoe fatwa moja, nayo iwe nyepesi, kisha asiirejee, wala asiieleze kwa dalili mpya kila siku, kwa kuwa mgonjwa hatafuti elimu hapo, atafuta nafuu. Na asifanye hivi kwa ukali. Mgonjwa aelezwe mapema, siku ametulia, kwamba hivi ndivyo tutakavyofanya, naye akubali; bila ya hivyo ataona ametupwa.

Imamu asimngoje, wala asimgeukie kumtazama anapohangaika na takbira yake. Mwalimu wa chuoni akiona mtoto aanza kurudia udhu, asimsifu mbele ya wenziwe.

Na birikani, aliye karibu naye asimhesabie, wala asimwonyeshe kidole akamwambia, pale hapajapata maji. Akimaliza mara ya tatu, amshike mkono waingie safuni pamoja, naye bado ana shaka, na miguu yake bado yachuruzika.